Mla Maini wa Nong Waek

Lamphai hakuwa mtu wa kupendwa na kila mtu, na mwenyewe alilijua hilo. Ulimi wake ulikuwa upupu. Mwanamke akipita na sketi mpya, Lamphai atauliza kwa sauti ameiazima kwa nani. Mwanamume akianguka kwa ulevi harusini, atabandikwa jina na Lamphai, na jina lile litamganda mpaka mavuno. Lakini mtu akijifungua pale Nong Waek, mbio walikimbilia kwake. Alijua kumlaza mzazi kando ya moto, kumwogesha kwa maji ya majani, kumkanda tumbo taratibu mpaka lirudi. Kazi hiyo aliirithi kwa mama yake, na mama yake kwa bibi yake. Siku zilizobaki alifuga viwavi wa hariri chini ya nyumba yake ya nguzo, akawakatia majani ya mforsadi asubuhi na jioni, akawasemesha kama watu.

Kuzaa hakuzaa. Mume wake alikufa macho ya njano na tumbo limejaa maji, kama walivyokufa wanaume wengi wa bonde lile waliopenda samaki wabichi wa kukatakata na ndimu. Aliyebaki naye ni Wanida, binti wa mdogo wake marehemu, aliyemchukua akiwa hajui hata kujifunga sketi. Alimlea, akamsomesha kwa hariri, akamwozesha kwa Thawat, mtoto pekee wa Khamphan, mama mwenye duka mkabala na lango la hekalu. Wanida alimwita Mama Mkubwa, na hakuwahi kumwita kwa jina.

Wanida alizaa mtoto njiti. Mtoto alikaa hospitali ya mkoa wiki nyingi ndani ya kisanduku cha kioo, na alipoletwa nyumbani angeweza kulala kwenye kikapu cha wali. Walimpa jina Tonkla, mche wa mpunga. Wanawake walijaa barazani, na kama ilivyo desturi kwao, hakuna aliyemsifu mtoto, maana mtoto wa kusifiwa pepo humtamani. Lamphai alimnyanyua juu, akamgeuza kama anayekagua kuku sokoni.

"Mbaya huyu!" alisema. "Hana hata nyama ya kumshibisha paka."

Wote walicheka. Khamphan alicheka kuliko wote.

Basi mche ukashika ardhi. Kila jioni Lamphai alimwogesha mjukuu wake, akamkanda miguu, mgongo na tumbo. Tonkla alitambaa, akasimama, akajifunza kupiga kelele za kumfukuza bata. Alipokuwa na mwaka na miezi michache, jioni moja vidole vya Lamphai vilikutana na kitu upande wa kulia, chini ya mbavu. Kigumu. Hakikutembea kama kinyesi kinavyotembea, hakikulainika kama hewa. Aliondoa mkono kama aliyegusa kaa la moto.

"Wanida, hebu njoo. Shika hapa."

"Nini, Mama Mkubwa?"

"Sijui. Ndiyo maana nakuita. Kesho mpeleke hospitali."

Khamphan alipoambiwa alipandisha mabega. "Mtoto kanenepa, mnamtafutia ugonjwa! Tumbo kubwa ni bahati. Mtazameni Buddha wa Kichina pale dukani kwangu."

"Yule wako ni wa plastiki, dada," Lamphai alimjibu. "Huyu ana damu."

Wakaenda, Wanida na Lamphai na mtoto. Hospitali ya wilaya ikawatuma ya mkoa, ya mkoa ikawatuma hospitali kubwa ya mji. Huko walimtoa mtoto damu, wakampitisha kwenye mashine, wakamchoma sindano ndefu tumboni kuchukua kipande. Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye miwani, aliyeongea polepole akihakikisha anaeleweka.

"Ni saratani ya ini," alisema. "Huwapata watoto wadogo, na ni nadra sana. Waliozaliwa njiti huipata zaidi kuliko wengine, lakini chanzo chenyewe hatukijui. Si chakula, wala si kosa la mtu. Tutampa dawa kwa dripu, awamu kwa awamu, uvimbe unywee. Ukishanywea tutampasua tuutoe na sehemu ya ini. Ini huota tena. Watoto wengi hupona, lakini dawa isikatishwe. Mkikatisha, uvimbe utatushinda."

Kisha akagusa tumbo la Tonkla kwa ncha za vidole, akauliza, "Nani huwa anamkanda tumbo?"

"Mimi," Lamphai alisema.

"Usimkande tena, bibi. Tafadhali sana. Uvimbe unaweza kupasuka ndani."

Ni hayo tu aliyosema, wala hakusema kwa ukali. Lakini Wanida, ambaye maneno yote ya kwanza yalikuwa yamempita kama upepo, hayo aliyashika. Alimtazama mama yake mkubwa, akaitazama na mikono yake.

Awamu ya kwanza ya dawa ilimkausha Tonkla. Alitapika mpaka nyongo. Nywele zake zikabaki kwenye mto kama manyoya ya kifaranga. Walirudi naye kijijini akiwa kichwa na tumbo, na tumbo lenyewe limetuna na mishipa ya buluu. Khamphan alimpokea mjukuu, akaangua kilio barabarani.

"Wamesema ana nini?"

"Ini, Mama," Wanida alijibu. "Ini linaliwa na ugonjwa."

"Linaliwa?"

Neno hilo moja lilitosha. Watu wa bonde lile wanamjua pop. Ni pepo anayeingia ndani ya mtu, hasa mwenye elimu ya dawa aliyevunja mwiko wake, akampanda kama mtu anavyopanda farasi. Kutwa mtu huyo anacheka na majirani, kumbe ndani yake kuna kinywa, na chakula cha kinywa hicho ni maini ya wenzake. Tena pop hurithiwa. Mwenyewe akifa, huhamia kwa binti yake, au kwa mtoto wa kulea, au kwa aliyemshika mkono akikata roho.

Hesabu ikapigwa pale dukani kwa Khamphan, kati ya magunia ya chumvi na chupa za samaki wa kuvundika.

"Mume wake alikufa na nini?"

"Ini."

"Mtoto anaumwa nini?"

"Ini."

"Anamkanda nani kila jioni?"

"Na daktari mwenyewe kamkataza! Msomi kabisa kaona kwa macho yake. Alimwambia, bibi, toa mkono!"

"Tena siku ile alisema mtoto hana nyama ya kumshibisha. Mlisikia? Hana nyama!"

"Alisema paka."

"Paka gani? Yeye anafuga paka?"

Kuna aliyejaribu kukumbusha kwamba mume wa Lamphai alikula samaki wabichi maisha yake yote, na kwamba ndugu zake wanne waliondoka vivyo hivyo. Wakamwuliza yeye amelipwa nini. Akanunua sabuni yake, akaenda zake.

Lamphai alianza kuyaona kwa vituko. Muuza nyama sokoni alifunika maini kwa gunia alipomwona. "Leo hakuna, bibi," alisema, "labda ujipatie huko huko unakojipatia." Watu wakacheka. Zamani Lamphai angemjibu neno la kumlaza na viatu. Siku hiyo alichukua kikapu chake, akaondoka. Mwanamke ambaye Lamphai alimkanda kwa uzazi wa watoto watatu alivuka barabara ameshika tumbo la nne. Mawe yakaanza kugonga bati lake saa za chakula, na kila jiwe lilifuatwa na kelele ya mzaha: "Umeshiba?"

Tarehe ya awamu ya pili ilifika. Khamphan alimfungia mtoto chumbani kwake.

"Haendi. Wamemtia sumu, hamkumwona? Alikwenda anakula, karudi hamezi hata uji. Kwanza pepo atoke, ndipo tuzungumze habari za hospitali."

Thawat alikuwa mtu mzima mwenye mikono ya kubeba magunia mawili, lakini mbele ya mama yake alikuwa mtoto wa kunyonya. "Mama kasema," alimwambia mkewe, na maneno yakaishia hapo.

Siku zikapita. Lamphai alikwenda mpaka uani kwa Khamphan, akapiga magoti kwenye vumbi, yeye asiyewahi kumpigia mtu magoti isipokuwa watawa.

"Dada, nichukieni. Lakini mpelekeni mtoto. Daktari alisema dawa isikatishwe."

"Una haraka gani?" Khamphan aliuliza kutoka dirishani. "Nyama inakuharibikia?"

Wanida alimfuata hadi nje ya uzio, macho yamevimba. Alisimama mbali, hatua kadhaa, kama mtu anayeongea na mbwa asiyemjua.

"Mama Mkubwa, usije tena hapa. Wanasema kama si wewe, basi ni mimi. Wanasema nimenyonya kwako."

"Umenyonya kwangu? Matiti yangu yalikuwa makavu kama maboga ya mwaka jana, wewe ulinyweshwa maji ya wali."

"Usifanye utani!"

"Sifanyi. Mwanangu, unaamini?"

Wanida alitazama chini. "Mimi nataka mtoto wangu apone," alisema. "Basi."

Walimleta mganga Uthit kutoka kijiji cha mbali, mtu mnene mwenye shali nyeupe na simu mbili. Mwenyekiti wa kijiji, Prasit, hakupenda mambo yale, lakini aliwapenda zaidi wapiga kura wake. Uwanja ukazungushiwa uzi mweupe wa pamba. Mchana kweupe, jua la utosi, wanaume wawili wakamtoa Lamphai ndani ya nyumba yake, wakamkalisha katikati kwenye jamvi. Kijiji kizima kilikuwapo. Wengine walikuja na vikapu vyao vya wali, maana shughuli kama ile haijulikani itakwisha saa ngapi.

Uthit alishika bua la kulanjani, mmea wa jamii ya tangawizi, ambao pop anasemekana kuuogopa kuliko upanga. Akamchapa mgongoni.

"Wewe nani?"

"Lamphai, binti wa Kaeo."

Bua likashuka. "Wewe nani uliye ndani?"

"Ndani kuna njaa tu, sijala tangu jana."

Hakuna aliyecheka. Bua likashuka, likashuka tena. Lilipovunjika wakampa lingine. Damu ikatokeza kwenye blauzi. Kisha Uthit akageuka, akampa bua Wanida.

"Kama hukurithi, mpige. Kama amekuachia hata chembe, mkono wako utakataa wenyewe."

Wanida alipiga, kidogo.

"Mnaona?" Khamphan alipiga ukelele. "Mkono unakataa!"

Minong'ono ikapita uwanjani. Watu waliokuwa karibu na Wanida wakasogea nyuma, na duara likaanza kuwafunga wanawake wawili badala ya mmoja. Wanida akainua bua, akampiga aliyemlea kwa nguvu zake zote, na tena, na tena, huku analia kwa sauti ya mbuzi.

Lamphai aliinua uso. Nyuma ya Wanida alimwona Khamphan amempakata Tonkla. Mtoto hakulia. Alikuwa amelegea, ngozi ya kichwa inang'aa juani, na tumbo, aliloliona mara ya mwisho wiki kadhaa nyuma, lilikuwa limekuwa kubwa zaidi. Akafikiri kwamba watu hawa hawamsikii daktari, hawamsikii yeye, hawamsikii hata mama wa mtoto. Katika uwanja ule wote, anayeheshimiwa ni mmoja tu.

Akaanza kucheka. Alicheka kwa koo, cheko nene lisilo lake, mpaka Wanida akaangusha bua.

"Mmechelewa," alisema kwa sauti hiyo. "Nimelila nusu. Tamu."

Simu ya Uthit ililia mfukoni, hakuipokea.

"Unatoka lini?" mganga aliuliza, na safari hii alirudi nyuma hatua moja.

"Kwa bua lako? Mzee, hilo kapikie supu. Uzi wenu naukata kwa meno. Kitu ninachokiogopa ni kimoja, yale maji machungu ya hospitali, na kisu cha yule mwenye miwani. Kipande changu nimekifunga ndani ya mtoto. Hakitolewi na mganga. Mpelekeni kesho asubuhi, mumpe maji yale mpaka ya mwisho, mara zote wanazotaka wao, na kisu kipite, nami natoka na hamtaniona tena. Mkimweka hapa, namaliza nusu iliyobaki." Akamgeukia Khamphan polepole. "Kisha nahamia kwako, Khamphan. Una ini kubwa, nimeliona."

Khamphan alikaa chini palepale na mtoto mapajani.

"Na huyu binti?" Uthit aliuliza.

Lamphai alitema mate karibu na miguu ya Wanida. "Huyu? Sikumwachia kitu. Hanifai. Mwoga."

Mganga alifuta jasho, akapaza sauti. "Mmesikia kwa masikio yenu! Amekiri, na masharti ametaja!" Mwenyekiti Prasit akaapa mbele ya watu kwamba mtoto ataondoka alfajiri kwa gari lake. Yale ambayo daktari aliyesoma miaka na miaka aliyaomba kwa upole, pepo aliyaamuru mara moja, na yakatimizwa.

Lamphai hakupewa muda wa kukusanya vitu. Vijana walishusha mbao za nyumba yake kwa miti mirefu, wakiogopa kuzigusa kwa mikono. Trei za viwavi zilimwagwa uani, kuku wakawala hai, wote, walipokuwa wamebakiza siku chache wasokote hariri. Alisimama akatazama. Kisha wakampandisha nyuma ya gari la mizigo, wakamshusha ng'ambo ya kijito cha mpakani, kwenye vibanda ambavyo mtawa mmoja wa zamani aliwajengea watu waliofukuzwa kama yeye.

Jirani yake huko alikuwa Inpaeng, mzee mwenye meno mawili. Alimletea mkeka na wali.

"Wewe ulikula nani?" aliuliza, kama mtu anayeuliza habari za safari.

"Mjukuu wangu."

"Mimi ng'ombe wa mwenyekiti wa kwetu. Watatu, kwa usiku mmoja." Alijishika tumbo. "Wenzako wanakula watu, mimi nikapewa ng'ombe. Hata kwenye uchawi nilipunjwa."

Lamphai alicheka mpaka mgongo ukamwuma, kisha akalia.

Habari alizipata kwa mama mmoja mchuuzi wa vitambaa aliyezunguka vijiji vyote. Mtoto alirudishwa kwenye dripu. Daktari aligomba sana kwa kuchelewa, akasema uvimbe umekua tena, ikabidi aongeze dawa kali. Baada ya miezi alipasuliwa. Walitoa zaidi ya nusu ya ini, na mchana kutwa Thawat alilala kifudifudi kwenye sakafu ya hospitali. Mtoto aliishi. Picha za mashine za baadaye zilionyesha ini limeota, limejaza mahali pake.

"Na Nong Waek wanasemaje?" Lamphai aliuliza.

Mchuuzi alisitasita. "Khamphan anasema, zimwi likujualo halikuli likakwisha. Anasema ulimjua ni mjukuu, ndiyo maana ukabakiza. Na ini limeota kwa sababu wewe uko mbali naye." Akakunja vitambaa vyake. "Mwingine alisema, mtoto angekufa tungejua ni Lamphai, na kapona tunajua ni Lamphai."

Ilipita miaka kabla Wanida hajavuka kijito kile. Alikuja na Tonkla, mvulana mwembamba mwenye miaka sita, kovu limemzunguka tumbo kama mkanda. Walitoka hospitali kwenye uchunguzi. Wanida alikaa ukingoni mwa jamvi, hakunywa maji aliyopewa.

"Anasoma?" Lamphai aliuliza.

"Anasoma. Masikio tu hayasikii vizuri. Daktari anasema ni ile dawa kali. Angepewa mapema, asingehitaji nyingi vile." Akavuta pumzi. "Aliniuliza habari zako. Yule daktari. Alisema, yule bibi aliyeugundua uvimbe yuko wapi, nilimtisha bure, mkono wake haukumdhuru mtoto."

"Ukamjibu nini?"

"Nilisema umekufa."

Lamphai akatikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyeambiwa kwamba mvua itanyesha.

"Mama Mkubwa," Wanida alisema, na ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo kumwita hivyo, "nataka kuuliza kitu kimoja. Siku ile uwanjani. Aliyesema ni wewe, au ni yeye?"

Lamphai alimtazama. Aliona kwamba swali hilo limemkosesha usingizi miaka yote. Akisema ni mimi, basi Wanida alimpiga mama yake kwa bua mbele ya kijiji bila sababu yoyote, na itabidi aishi nalo katika nyumba ya Khamphan, meza moja, kila siku. Tena siri ingetoka, maana Wanida hajui kuficha, na pale Nong Waek wangeanza upya kumtafuta mla maini, na wasingehangaika kwenda mbali.

"Alikuwa yeye," Lamphai alisema. "Mimi sikumbuki kitu."

Wanida alishusha pumzi ndefu, mabega yakamlegea. Uso wake ukawa laini, karibu mzuri, kama alipokuwa msichana. Hapo hapo mkono wake ukamvuta mtoto nyuma ya mgongo wake.

"Nilijua," alisema. "Nilijua isingekuwa wewe."

Hawakukaa sana. Walipokuwa wanashuka njia ya kijito, Lamphai alisimama mlangoni akaita, "Tonkla!" Sauti yake ilikuwa imekuwa nyembamba kwa uzee. Mtoto hakusikia. Wanida alisikia, akaongeza mwendo.

Inpaeng alikuwa anachonga fito uani kwake. "Wageni wako walikuwa nani?"

"Watu wa Nong Waek."

"Walikuja kuomba radhi?"

"Walikuja kuhakikisha."

Aliishi huko misimu minne zaidi ya mpunga. Alipofariki, watu wa vibandani waliuchoma mwili wake wenyewe, kama ilivyo desturi yao ya mazishi, Inpaeng akiwasha kuni, na mtawa mmoja kijana akasoma sala haraka kwa sababu mvua ilikuwa inakuja. Nong Waek walipelekewa habari. Wanida alijifungia ndani kutwa. Khamphan aliuliza swali moja tu: kabla hajafa, alikuwa amemshika mkono nani?